Mtumbwi Nilioukausha Juani

Kosa ni langu, jamani, wala msimtafute mchawi!

Enzi za Mwingereza nilikuwa namposa Nambela, kule Msangano. Kwao mposaji alitumikia ukweni kwanza. Wenzangu walilimishwa, mimi nikaagizwa mtumbwi wa kuvukia mto Momba. Nikaona raha! Jembe sikulipenda, hata leo silipendi, marehemu baba alikuwa akisema... basi, tuyaache hayo.

Nikaangusha mti, nikauchonga ungali mbichi. Nambela akanionya, "Uweke kivulini, uujaze majani mabichi, ukauke polepole. Baba hufanya hivyo."

"Baba yako mzee, ana muda," nikamjibu. Mimi nilitaka ndoa kabla ya mvua!

Nikauanika juani, tena ubavu mmoja. Lo! Ukajipinda, mbele watazama kijiji cha Chitete, nyuma watazama kwetu. Na nyufa juu yake!

Ningeweza kusema. Sikusema! Nikaziba nyufa kwa nta na udongo, nikapaka mafuta ya nyonyo, nikaupeleka unang'aa.

Siku ya kuujaribu akapanda mama mkwe, shemeji akashika kasia. Akivuta huku, mtumbwi wazunguka kule.

"Shemeji!" akaniita. "Huu mtumbwi au kuku aliyekatwa kichwa?"

Nta ikabanduka, maji yakaingia, mama mkwe huyo mtoni! Na kwetu mama mkwe humtazami usoni, sembuse kumshika. Pale ukingoni nikageuka, nikafumba macho, nikamnyooshea upondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi, kwa nyuma.

Hata yeye akasahau mwiko. "Geuka, we mjinga, utanitoboa jicho!"

Akatoka mzima, namshukuru Mungu. Baba mkwe hakugomba. "Chonga mwingine," akasema. "Safari hii uukaushe."

Nambela ndiye aliyenimaliza. "Kupinda ningekusamehe. Lakini ulimpandisha mama ukijua."

Nikachonga, nikauweka kivulini, nikausubiri kiangazi kizima. Kabla haujakauka akaja kijana mmoja kutoka migodi ya shaba, Rodesia, na baiskeli yake. Mpole, mkweli, sina la kumsema. Nambela akamkubali.

Mtumbwi wangu ulinyooka kama mshale, haukuvuja hata tone! Ndio uliomvusha Nambela kwenda kwa mumewe, na kasia nilishika mimi. Ole wangu!

Vijana, mti mbichi usiuharakishe. Na ukishaupinda, sema watu wangali nchi kavu.