Kabla Hajafika kwa Mwanawe

Watu wakiingia studio kwangu huuliza prodyuza yuko wapi. Nikiwaambia ni mimi, huchungulia nyuma ya mlango kana kwamba kuna mwanamume nimemficha. Nimeshazoea, siku hizi hata sijibu, nawaonyesha kiti tu. Mjomba wangu hakuuliza. Alikaa, akavua kofia, akasema, "Mpwa wangu, nimekuja kumzika mwanangu."

Mwanawe, binamu yangu, alifukiwa na kifusi machimboni, upande wa Mwakitolyo. Wenzake walichimba kumtafuta mpaka duara lenyewe, lile shimo walilokuwa wakishukia, likaanza kumeguka upya, ikaamuliwa wasiendelee. Shimo likafukiwa naye akiwa humo. Hatukupata mwili wa kurudisha kijijini kwao Samuye. Uani kwao hapakuwa na tuta wala msalaba, na mama yake akitaka kulia hakujua ageukie upande gani. Watu walikaa msibani, wakala, wakaondoka. Niliuchukia ule msiba kuliko misiba yote niliyowahi kukaa, maana tulikuwa tunalia tukiangalia ukuta.

Mjomba alikuwa manju, mtunzi na mwimbishaji wa ngoma, na enzi zake vijana walitoka kijiji hadi kijiji kumfuata. Halafu akaenda Geita kufanya kazi kwenye karasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, akalila lile vumbi miaka na miaka bila hata kitambaa puani. Alipokuja kwangu alikuwa amebaki mifupa na sauti. Walimpa dozi ya kifua kikuu akaimaliza, wakampa nyingine. Mwisho daktari akamwambia si kifua kikuu, ni vumbi la mawe, na mapafu yaliyoharibika hayarudi. Kwa hiyo sote tulijua kwamba pumzi aliyokuwa nayo ndiyo hiyo hiyo. Alitaka kuitumia kwa wimbo mmoja wa kumlaza mwanawe, urekodiwe, mama mtu abaki nao.

Wimbo wa namna hiyo, kwa mjomba, ulikuwa na njia yake. Anaanza na ukoo, anashuka kwa mababu mmoja mmoja, anawaamsha, anawaomba wasogee wampishe mgeni, ndipo mwishoni kabisa analitaja jina la marehemu na kumkabidhi kwao. Na manju akishaanza, hakatizwi. Humwambii asimame anywe maji, humwambii asimame urekebishe maiki. Wanakwaya nawasimamisha kila ubeti, nahifadhi, tunaendelea. Vijana wa machimboni nawasimamisha hata bila sababu, wapate adabu. Mbele ya manju niliweka mikono mapajani nikanyamaza, kama nilivyolelewa.

Akaimba. Sijui ile sauti aliitoa wapi. Alipofika kwenye jina la mwanawe, mkewe aliyekuwa amekaa karibu na mlango alijifunika uso kwa kanga. Nikasubiri chumba kitulie, nikabonyeza kuhifadhi. Kioo kikawa cheupe. Kialama cha kusubiri kikazunguka, kikazunguka, kisha programu ikajifunga yenyewe.

Nikaifungua tena upesi, nikakuta ukurasa mtupu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kazi ikiwa haijahifadhiwa, programu ile huiweka sauti kwenye folda ya muda tu, na ikifunguliwa upya huifagia folda yote. Iliufagia wimbo wa mjomba mimi nikiitazama.

"Imeingia?" mjomba akauliza.

"Haijaingia, mjomba."

"Hata jina?"

"Hata jina."

Akavaa kofia yake taratibu. "Pole, mpwa," akaniambia. Mimi ndiye niliyepewa pole! Ningeona nafuu kama angenitukana.

Tangu siku ile niliikamia ile kompyuta. Wateja waliokuja niliwafukuza kwa maneno ambayo mama yangu angeyasikia angenichapa na utu uzima huu. Kwanza nilidhani diski imejaa. Nikafuta nyimbo za watu, nikafuta picha zangu, nafasi ikawa tele, na programu ikaendelea kuanguka kila nikihifadhi. Nikajaribu kuhifadhi kwenye flashi, ikaanguka. Kwenye diski ya nje, ikaanguka. Nikafungua mfuniko wa nyuma nikapuliza feni kwa pampu ya baiskeli, na vumbi likatoka, likatoka, likaisha. Nilikaa nikilitazama sakafuni na hasira ikanipanda. Kompyuta ilisafishwa kifua kwa pampu ya baiskeli, na mjomba wangu alikuwa anakufa.

Waliowahi kucheza ngoma yake wakaleta maneno kwamba ni dawa ya wapinzani wake wa ngoma, kwamba kuna watu wameifunga sauti ya manju isitoke. Niliwajibu kwamba wapinzani waliobaki wote wana vijukuu na kuwasha simu tu wanawashiwa. Mjomba alipoambiwa jibu langu alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na mkewe akanipigia simu kuniomba nisimchekeshe tena.

Dalili niliipata pale nilipofungua ukurasa mpya usio na kitu, nikarekodi kikohozi changu mwenyewe, nikahifadhi, ikakubali. Nikaupanga upya mpangilio ule ule niliomwandalia mjomba, ikaanguka. Basi tatizo halikuwa diski wala feni, lilikuwa kwenye vitu nilivyoupamba nao ule mpangilio. Nikaanza kuziondoa efekti, yale mapambo ya sauti, moja moja, nikihifadhi kila nikitoa moja, kama mtu anayechambua mchele. Nilipotoa ile ya mwangwi, ikahifadhi. Nikairudisha, ikaanguka. Nikaitoa, ikahifadhi.

Mwangwi ule ulikuwa wa wizi. Aliniletea kwenye flashi mchimbaji mmoja kutoka Geita, kwa sababu alitaka sauti yake isikike kama anaimbia chini ya duara. Niliupenda, nikaukaribisha, nikamwekea mjomba kabla sijaujaribu kwa mtu mwingine, ili sauti yake ipate kina. Kumbe programu ikihifadhi huiuliza kila efekti iko katika hali gani, na ile ya wizi ikiulizwa haina la kujibu, inaanguka na kuwavuta wenzake wote. Nilipiga kelele za furaha peke yangu. Kisha nikalia, kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa kidogo mno.

Mjomba hakuweza tena kuja mjini, nikabeba vyombo vyangu kwenda Samuye. Nilimkuta ameegemezwa kwenye mito ndani, mlango wazi apate hewa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Imepona?"

"Imepona."

"Afadhali yake," akasema.

Safari hii niliuhifadhi ukurasa kabla hajafungua kinywa, na mwangwi niliuacha nje kabisa. Nikamtazama kifua kinavyopanda na kushuka, nikathubutu. "Mjomba, leo tuanze na jina. Mababu utawaimba baadaye, mimi nitawatanguliza. Kompyuta inaweza."

"Inaweza?"

"Inaweza, mjomba. Hakuna atakayejua."

"Mimi siwezi," akasema. "Mtu hafiki kwa mwanawe kabla hajapita kwa babu zake. Nikimrusha tu, nani atampokea?"

Nilimsogezea maiki mpaka karibu na mdomo.

Aliimba polepole, akipumzika mahali ambapo zamani hakupumzika. Akawaamsha wa ukoo. Akashuka kwa mababu, na kila mmoja alimpa sifa zake zote, hakumpunja hata mmoja, na mimi moyoni nilikuwa nawaombea wale wazee wawe wachache. Akafika kwa babu yake. Akafika kwa baba yake, akamwomba asogee. Akavuta pumzi ya kumwita mwanawe.

Akawa anavuta tu. Kwenye kioo niliona mistari ya sauti yake ikipanda kidogo na kushuka, na kupanda kidogo. Alinyanyua mkono nisubiri, nikasubiri. Midomo ilikuwa imeshajipanga kwa ajili ya jina. Kikohozi kikamkamata, mkono ukashuka, mkewe akamfuta mdomo.

"Kesho," akasema.

Nikabonyeza kuhifadhi, na programu ikahifadhi papo hapo.

Kesho yake hakuweza, na siku zilizofuata hakuweza hata kukaa. Tulimzika uani kwake, na sasa pale pana tuta moja, la baba. Wimbo nilimwekea mkewe kwenye simu yake kama ulivyo, na pumzi zake za mwisho sikuzikata.

Nilipokwenda kumsalimia baada ya msiba nilimkuta ameketi kando ya tuta, simu mapajani, wimbo unaendelea. Mababu wakapita, baba yake mjomba akaombwa asogee, kisha zikabaki zile pumzi peke yake. Hapo mama mtu akainua kichwa akaliita jina la mwanawe kwa sauti kubwa, mara moja, akazima simu. Nikamwambia vyombo ninavyo ndani ya begi, naweza kumrekodi akiliita na kuliunganisha pale pale, wimbo ukamilike.

"Usiliweke, mayu," akanijibu, kama wazee wa kwetu wanavyomwita binti. "Simu ikimwita, mimi nitamwita lini?"