Sista Theodora Haamini Mdomo wa Mgonjwa

Nimefanya upasuaji kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo ni mtu mmoja tu aliyewahi kunishika mkono wenye kisu na kuniambia subiri. Ni mwanamke wa Kisukuma, mfupi, anayevaa kandambili za bluu ndani ya chumba cha upasuaji na kuimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini anapovuta dawa kwenye bomba la sindano. Anaitwa Theodora. Yeye huwatia wagonjwa wetu usingizi na ganzi, na mimi, Sylvester Mniko, huwakata. Siku aliponishika mkono nilimchukia kwa kama dakika ishirini.

Theodora alikuja Tarime kumfuata mume. Huyo mume, Mabula, alikuwa mchimba dhahabu, mtu wa mashimo na ahadi nyingi. Walipanga chumba Nyamongo, Theodora akapata kazi ya uuguzi kwenye zahanati. Mabula aliposikia kwamba dhahabu nzuri iko Geita, akaenda Geita, na hadi leo hajasema kama aliipata. Theodora hakumfuata mara ya pili. Alikwenda Mwanza akasomea usingizi mwaka mzima, kisha akapangiwa hospitali yetu ndogo huku Serengeti. Kabla hajafika, mimi ndiye niliyekuwa nachoma dawa ya usingizi na mimi huyohuyo nakata, jicho moja kwenye kidonda na jingine kwenye kifua cha mgonjwa. Nikikumbuka naona aibu.

Asubuhi ya Jumanne tuliletewa mzee Nchagwa wa Kenyamonta. Alikuwa na ngiri ya kinena aliyoificha ndani ya kaptura kwa miaka, na tangu jana yake ilikuwa imetoka na kukataa kurudi. Utumbo ulikuwa umenaswa na kunyongwa, damu haiufikii. Utumbo wa namna hiyo hauna subira. Ukipita muda wake unaoza, na ukioza unaondoka na mwenyewe. Mzee alikuwa amelazwa kwenye godoro nyuma ya pikapu, ametapika njia nzima, na kijana wake Mseti amekaa pembeni anamshikilia kichwa.

Nusu kaputi, kama watu wanavyouita usingizi kamili, hatukuweza kumpa. Tumbo lilikuwa limejaa. Angetapika akiwa amelala, matapishi yangeingia mapafuni. Na hayo mapafu yenyewe yalishaugua kifua kikuu mara mbili, yakawa yanapiga filimbi kila anapovuta pumzi. Mashine ya kumsaidia kupumua kwa siku kadhaa hatuna. Ilibaki sindano ya mgongo, inayotia ganzi kuanzia tumboni kwenda chini huku mtu yuko macho.

"Shikamoo, baba," Theodora alimwambia.

"Marahaba," mzee alijibu, akiangalia ukuta.

Tulimkalisha, Petronila, muuguzi wetu wa chumba cha upasuaji, akamshika mabega ili ainame. Theodora alipapasa uti wa mgongo kwa kidole gumba, akapata nafasi, akaingiza sindano. Maji ya uti yalidondoka tone moja, la pili, meupe kama maji ya mvua. Akaunganisha bomba, akaanza kusukuma dawa, na hapohapo mzee akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu kilichomtikisa mwili mzima. Theodora alimaliza kusukuma, lakini nilimwona ameacha kuimba.

Tulimlaza. Mimi nilikuwa nimeshanawa na kuvaa glovu, nimesimama mikono juu. Kwenye skrini mpigo wa moyo ulikuwa tisini na mbili, presha mia na arobaini. Dakika zilikwenda tano, saba, kumi. Theodora alichukua pamba yenye spiriti, akaigusisha kwenye paja.

"Baba, unasikia baridi hapa?"

"Hapana."

Akaisogeza hadi tumboni. "Na hapa?"

"Sisikii kitu."

Kisha akafanya jambo lililoniudhi, kwa sababu niliona anacheza na muda. Akamgusisha pamba begani, mahali ambapo dawa ile haifiki hata kwa bahati mbaya.

"Na hapa, baba?"

"Nimesema sisikii kitu."

Theodora aliniangalia. Nikamwambia kwamba mzee hajaelewa Kiswahili chake cha Kisukuma, nikainama kumuuliza mwenyewe kwa Kikurya kama anaumia. Naye akanijibu kwa Kiswahili, ili wote wasikie.

"Mura, kata. Unaongea sana."

Mura ni neno letu la kumwita kijana wa kiume, na mimi nina miaka hamsini. Nilinyoosha mkono, Petronila akanipa kisu, na ndipo Theodora aliponishika kifundo. Glovu yangu ikachafuka. Ilinibidi niivue, ninawe upya, nivae nyingine, huku utumbo wa watu unakufa.

"Umerogwa?" nilimfokea. "Mgonjwa amesema hasikii! Unataka nini tena, barua?"

"Presha yake haijashuka, daktari," alisema. "Dawa ikishika uti, presha hushuka. Yake imepanda. Nimemfinya kwa koleo hapo chini ya kitovu bila kumwambia, uso haukutikisika, lakini mpigo umetoka tisini na mbili hadi mia na kumi na nane. Mzee huyu anasikia kila kitu."

"Hatuna muda."

"Kornelio naye tulisema hatuna muda."

Nilimrudishia Petronila kisu. Kornelio ni mfugaji wa Mbalibali tuliyempasua busha mwaka uliotangulia, kwa sindano hiyohiyo ya mgongo. Alisema hasikii kitu, nikakata. Dakika arobaini alilala kimya, nami nikajisifu kwa kazi safi. Aliporudi kutolewa nyuzi, mkewe alimvuta Theodora pembeni akamweleza. Kornelio alisikia kisu chote, mwanzo hadi mwisho, akiling'ata shavu lake kwa ndani mpaka likatoboka. Na sasa, mbuzi akichinjwa nyumbani kwake, yeye mfugaji, anaondoka kabisa bomani. Siku ile Theodora alijifungia stoo ya dawa akalia. Alipotoka alinieleza, nami nikajitetea kwamba si alisema mwenyewe hasikii. Aliniuliza swali moja tu. "Na wewe ni Mkurya, hukujua?"

Nilijua. Kwetu mvulana husimama mbele ya kisu cha tohara, na ukoo wote unamwangalia usoni. Akipepesa jicho, atalisikia hilo hadi atakapokuwa na wajukuu. Mimi nilisimama. Nilisifiwa, nikachezewa ngoma, nikapewa ng'ombe. Iliuma vibaya sana, na hii ndiyo mara ya kwanza ninalisema hilo mahali popote.

Mseti, yule kijana aliyekuwa nje kwenye benchi, hakusimama. Mama yake alimpeleka hospitali alipokuwa na miaka kumi na mitano, akachomwa ganzi, akatahiriwa huku amelala chali. Watu wa Kenyamonta wanalijua hilo, na baba yake hakuwahi kumsamehe. Mseti ana watoto watatu, lakini wanaume wakikaa kuzungumza mambo ya ukoo, mzee Nchagwa humtuma akaangalie ng'ombe. Sasa mzee huyo amelala mezani kwangu, na tunamwomba akubali kwamba anahitaji ganzi, mbele ya mwanamke. Angekubali kufa kwanza.

Theodora ana kisa anachopenda kutusimulia tukisubiri vyombo vichemke. Zamani, anasema, kabla ya mwaka 1846, mgonjwa alishikwa na wanaume wanne na daktari hodari alikuwa yule mwenye mkono wa haraka. Kukata mguu ilikuwa kazi ya dakika chache, na wengine walikufa kwa ule mshtuko tu. Mwaka huo, huko Boston, daktari wa meno akamvutisha kijana mmoja mvuke wa etha, wakamtoa uvimbe shingoni, na hakupiga kelele. Nusu karne baadaye Mjerumani mmoja na msaidizi wake wakataka kujua kama dawa ikiwekwa kwenye uti itatia ganzi miguuni. Msaidizi akaanza kumchoma daktari, bomba likakataa kushika sindano, kisha daktari akamchoma msaidizi mgongoni, akamgonga muundi kwa nyundo ya chuma, msaidizi akasema hasikii. Kesho yake wote wawili walikuwa hoi kwa kichwa kuuma, na msaidizi ana muundi uliovimba. Petronila hucheka kila mara. Theodora humaliza kwa kusema kwamba yule daktari alikuwa na bahati ya msaidizi ambaye akiumia atasema.

Asubuhi hiyo hakusimulia. Alikwenda kusimama karibu na uso wa mzee.

"Baba, huyu daktari anasema wazee wa Kenyamonta siku hizi wamekwisha. Eti hata mguu hamwezi kunyanyua."

Sikusema neno hilo. Mzee aligeuza macho kwa mara ya kwanza, akanitazama mimi, siyo yeye. Kisha mguu wa kulia ukapanda wima, goti limenyooka, kisigino juu ya shuka la kijani, ukabaki hapohapo bila kutetemeka.

Mguu uliokufa ganzi haunyanyuki hata ukitukanwa. Petronila alirudisha kisu kwenye sinia, taratibu, kana kwamba kinaweza kuvunjika.

Kumchoma mara ya pili ni jambo la kuogopa. Kama dawa ya kwanza imefika nusu na imechelewa tu, ukiongeza nyingine ganzi inaweza kupanda hadi kifuani na kuzima pumzi. Lakini mguu ule ulikuwa umetuambia kwamba dawa ya kwanza haikufika kabisa. Kikohozi kiliisogeza sindano. Tulimkalisha tena.

"Mnanifanya mtoto," mzee alisema.

"Ninakufanya mgonjwa, baba," Theodora alijibu. "Vuta pumzi. Ukitaka kukohoa, kohoa sasa."

Alikohoa, akamaliza. Sindano ikaingia, matone yakatoka, dawa ikaenda. Baada ya dakika tatu presha ilishuka hadi mia na kumi, na nilifurahi. Ikashuka hadi themanini na mbili. Furaha ikaniisha. Ilipofika sitini na nne mzee akafungua mdomo kama mtu anayetaka kupiga miayo, macho yakapanda juu, na sauti ya mashine ikabadilika.

"Nyanyueni miguu," Theodora alisema. "Petronila, fungua dripu yote."

Alikuwa amekwisha kuivuta dawa ya kupandisha presha kabla hata ya kuanza. Nililiona bomba limepangwa kando likingoja. Akaisukuma, akambana barakoa ya oksijeni usoni, akamwita. Baba. Baba Mseti. Baba. Mimi nilisimama mikono nimeikunja kifuani ili isichafuke, sina msaada wowote, nikiwaza nitakavyotoka nje kumkabili yule kijana kwenye benchi. Niliogopa kweli. Theodora akaongeza dawa. Sabini. Themanini na nane. Mia na nne.

Mzee alirudisha macho chini. Theodora akamwambia anyanyue mguu. Akakaza taya, mishipa ya shingo ikatoka, na hakuna kilichotikisika chini ya shuka.

"Uko wapi?" aliuliza. "Mguu wangu uko wapi?"

"Upo, baba. Daktari, kata sasa."

Nilikata. Utumbo ulikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Niliunasua pale uliponyongwa, nikaufunika kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, tukangoja kuona kama ni mzima au nitalazimika kuukata kipande. Theodora alihesabu dakika kwa sauti. Ya tano, bado ni zambarau. Ya nane, nikaona wekundu pembeni. Ya kumi, utumbo ulijikunja wenyewe mkononi mwangu, na Petronila akasema asante Yesu.

"Mmeanza?" mzee aliuliza kutoka upande wa pili wa shuka.

"Tunakaribia kushona, tata," nilimwambia, nikimwita baba kwa Kikurya.

Mpigo wake ulikuwa sabini na nane, umetulia.

"Mseti naye alifanyiwa hivihivi?"

"Ndiyo, tata. Hakusikia."

Aligeuza uso kuelekea mlangoni.

Saa kumi alasiri nilipita wodini. Ganzi ilikuwa inaisha, na mtu aliyepasuliwa tumbo ganzi ikiisha anajua kila uzi ulipo. Mzee Nchagwa alikuwa amelala ameshika vyuma vya kitanda kwa mikono yote miwili, jasho linamtoka kwenye paji la uso, na uso wenyewe hauna kitu, kama siku ya tohara. Mseti alikuwa amesimama upande mmoja na Theodora upande mwingine, bomba la dawa ya maumivu mkononi.

"Baba, unaumia?" Theodora alimuuliza.

Mzee alizidi kubana vyuma. Theodora angeweza kumchoma tu. Mpigo wa mkononi ulikuwa umeshamwambia. Hakumchoma. Alisimama akingoja, nami nikasimama mlangoni nikingoja, na nilitamani kumfokea tena.

Mzee aliachia chuma kimoja. Mkono ukatafuta upande wa pili mpaka ukapata shati la kijana wake, ukalivuta.

"Mseti," alisema. "Mwambie huyu mama kwamba inauma."

Theodora alikuwa hatua moja kutoka pale, amesikia kila neno. Mseti alimgeukia, akaufunika kwa kiganja ule mkono ulioshika shati lake.

"Sista," alisema, "baba anasema inauma."