Lenzi Ndefu kwa Wakwe

Jamani, mimi nimewahi kuvua suruali mbele ya mama mkwe wangu, mchana kweupe, ukoo mzima ukitazama, na naona bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Igowole, kijijini kwa wakwe zangu (wale huongeza chumvi, ingawa kwa hili hawana haja).

Ilikuwa miaka ya sabini, nafundisha shule ya msingi Mbeya, na baba mkwe alikuwa anaumwa, kifua kimembana, macho yameingia ukungu. Akatuma neno kwamba anataka kitu kimoja tu kabla hajafa: picha moja, yeye na mkewe na watoto wote, hata Zakaria, yule mkubwa, ambaye walikuwa hawasemeshani miaka mingi. "Mimi sitaiona," alisema, "ila ninyi mtaiona." Zakaria akakubali kuja, kwa siku hiyo moja tu. Nami nikajitwika, "Picha niachieni mimi!" (nani aliniuliza?)

Dukani nikakuta kamera mbili za mtumba.

"Hii lenzi yake fupi, inameza uwanja mzima," mwenye duka akaniambia. "Hii ndefu inavuta vya mbali, hata ndege juu ya mti unampata. Inayofanya yote mawili sina, mwalimu. Unakwenda kupiga nini?"

"Familia."

"Basi chukua fupi."

Nikaitazama ile fupi, naiona kama kopo la kiwi, nikaivaa ndefu shingoni, nikajiona mtu, nikachukua ndefu. Nilitaka wakwe wajue binti yao hakuolewa na mtu wa hivi hivi.

Siku yenyewe wakapangwa uani, mzee kitini na blanketi lake, mama pembeni, watoto nyuma, na Zakaria, bila kuambiwa na mtu, akaweka mkono kwenye bega la baba yake. Nikachungulia kwenye kamera, naona pua ya mzee. Nikarudi nyuma, akaingia mama, nikarudi tena, wakaingia wawili watatu, jicho nimeligandisha kwenye kamera, navuka uwanja, nalipita zizi, napiga kelele "Sogeaneni!" kwa watu ambao hawanisikii tena, na nilipobakiza Zakaria tu nikarudi hatua nyingine, mgongo ukazama kwenye mianzi.

Ulikuwa wakati wa mvua, msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, kila chipukizi limekatwa ncha na kufungiwa mbeta, kikopo cha mwanzi cha kuikingia, na kila mbeta ina nyuki wake waliolewa. Zikanimwagikia kuanzia kwenye kola hadi ndani ya suruali, na nyuki wakafuata utamu wao. Kamera ikaanguka juu ya kisiki, ikafunguka, filamu ikaning'inia juani. Na mimi (akili za mtu anayeumwa na nyuki!) nikakimbilia kwa watu.

Wakatawanyika. Nilipofika uani suruali ilikuwa haivumiliki, nikaivua. Mama mkwe, ambaye hata njiani tulikuwa tunapishana kwa mbali kwa heshima, akajifunika uso kwa kanga akageukia ukuta. Zakaria alikuwa ameshafika barabarani, jicho limevimba, na basi la Mafinga halisubiri mtu.

Mzee peke yake ndiye alibaki kitini.

"Mkwe," akaita, "mbona makelele? Umeshapiga?"

Nimesimama na nguo ya ndani, nanuka ulanzi kwenye nyumba ya mzee wa kanisa. Niliona aibu, lakini zaidi nilimwonea huruma.

Mama mkwe akajibu, uso bado ukutani.

"Kapiga, Baba Zakaria. Wote tumo."

"Na Zakaria?"

"Kakushika bega."

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, akaomba aingizwe ndani. Alifariki kabla mahindi hayajavunwa, na watoto wale hawakukusanyika tena mpaka siku ya kumzika.

Nimeapa kutoshika kamera maisha yangu yote, na ninyi mkienda kununua, angalieni mnayekwenda kumpiga, msiwaangalie watakaowatazama mmeivaa. Mashemeji zangu tukikutana mpaka leo wananicheka ile suruali, nami nacheka nao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza picha iko wapi.