Ramani ya Mabomba ya Wodi ya Wazazi

Jumanne, tarehe 3 Juni 2014, saa nne na dakika tano asubuhi, maji yalikatika katika chumba cha upasuaji cha wodi ya wazazi. Kitabu cha matengenezo kinataja sababu: "Jaribio la ramani."

Ramani ilikuwa ya fundi bomba wa hospitali, na alikuwa na siku hiyo moja tu. Kesho yake angepasuliwa ini, na daktari hakumficha kwamba huenda asitoke salama. Juu ya dari ya chumba cha watoto njiti lilipita bomba kuukuu la maji ya moto, limeliwa na kutu, siku yoyote lingepasuka. Koki ya kulifunga ilikuwa ndani ya dari hiyo, na yeye peke yake ndiye aliyejua ilipo. Ndiyo maana alichora, kisha akamkabidhi ramani fundi umeme, mwanamke asiyejua lolote la mabomba, aifuate bila kuuliza: yeye akiweza, yeyote ataweza.

Aliifuata. Akafunga koki nyingine kabisa.

"Nani kafunga maji?" Sista mkuu alitokea mlangoni, povu hadi viwikoni. "Nina mama mezani!"

Fundi umeme aliifungua upesi, akachungulia kutoka juu ya ngazi. "Kaka, umeandika kulia. Nimekwenda kulia."

"Ndiyo, kulia."

"Basi hospitali ndiyo imegeuka."

Fundi bomba aliikodolea macho ramani. Miaka ishirini na sita aliyashughulikia mabomba yale akiwa amelala chali juu ya jukwaa, uso darini, na ndivyo alivyoyachora. Kwa anayeisoma amesimama, kulia kulikuwa kushoto.

"Sista, nipe dakika kumi."

"Tano. Ukinikatia tena, hiyo kesho huifiki."

Fundi bomba alicheka, akajishika ubavu. Akakaa juu ya ndoo, akachora upya kwenye kipande cha ubao. Fundi umeme alipanda tena, akageuza koki. Sista akachungulia sinki za vyumba vyote viwili.

"Huku yanatoka," sista alisema. "Chumba cha watoto yamekauka."

"Ipake nyekundu," fundi bomba alimwambia fundi umeme. "Likipasuka usinitafute mimi, tafuta hiyo rangi."

Alifariki Ijumaa. Bomba lilipasuka Novemba, saa sita mchana. Fundi umeme alipanda na ule ubao mkononi, akafunga koki nyekundu, na watoto saba wakahamishiwa chumba cha pili.