Kiwanda cha Mlango wa Bluu

Jamani, mpaka leo nikiingia Bariadi mjini huwa nazunguka njia ya nyuma, ile ya kwenye mashine za kusaga, ili tu nisipite mbele ya ghala moja lenye mlango wa bluu, na wanaonijua wakinikuta huko nyuma hawahitaji kuuliza napita huko kwa nini, wananipungia mkono tu na kusema, "Maduhu, kiwanda kinaendeleaje?" na mimi nacheka nao maana nifanyeje, ila moyoni naona aibu ileile ya siku ile. Bora niwasimulie mwenyewe, kwa sababu mkisubiri kuisikia kwa watu wa kijijini kwetu Kasoli watawatilia chumvi, na hii habari haina nafasi ya chumvi nyingine.

Ilikuwa miaka ile soko huria linaingia, sisi bado tuko mkoa wa Shinyanga. Tulikuwa tumezoea pamba kununuliwa na ushirika peke yake (ushirika wenyewe mwishoni ulikuwa unabeba pamba yako na kukuachia ahadi), mara tukaona magari ya watu binafsi yanaingia kijijini, kila mtu na mzani wake, kila mtu na bei yake, na kila mtu anasema yeye ndiye mkombozi wa mkulima. Nani mkweli nani mwongo, nani angetuambia? Tulizoea serikali ituchagulie.

Na mimi kijijini nilikuwa mtu wa maneno. Harusi bila Maduhu haikuwa harusi. Kwenye utani ndio usiseme, na utani wangu mkubwa ulikuwa na Shomari, Mzaramo aliyekuwa na duka la rejareja pale senta, aliyehamia kwetu siku nyingi mpaka akawa anaitikia salamu za Kisukuma vizuri kuliko vijana wetu. Msukuma na Mzaramo ni watani, hilo mnalijua, anaweza kukuchukulia kofia kichwani mbele ya wakwe zako na huna pa kushtaki. Tulikuwa tukikutana watu wanaacha shughuli zao waje kusikiliza, na nisiwafiche, mara nyingi nilikuwa namshinda.

Basi akaja huyo bwana tuliyemwita Meneja. Alikuwa na pikapu nyeupe, tai, na Kisukuma safi. Alivyosalimia wazee! Hakusema "mwangaluka" akapita kama wanunuzi wengine, alisimama, akauliza mhola, yaani habari, ya nyumbani, mhola ya ng'ombe, akauliza ukoo, akasema mama yake mzazi ni wa kule Mkula, akakaa chini akala ugali wa mtama kwa mchuzi wa mlenda. Akatuambia anajenga kiwanda cha kuchambua pamba Bariadi, na safari hii mkulima hatakuwa mtu wa kuuza tu, atakuwa mwenye kiwanda, anunue hisa, pamba yake ipokelewe ya kwanza, na faida agawiwe kila msimu. Kila aliyenunua alipewa kofia nyeupe yenye picha ya tumba la pamba. Mimi alinipakia kwenye pikapu mpaka mjini, akaninunulia soda kwenye mgahawa ulio ng'ambo ya ofisi za wilaya, akanionyesha lile ghala la mlango wa bluu kwa kidole kwamba ndicho kiwanda tukiwa tunapita (hata gari hakusimamisha), akasema kiwanda kikianza nitakuwa afisa uhusiano. Mimi! Nilirudi Kasoli kifua mbele.

Ukaitishwa mkutano, na mimi ndiye mwendesha mkutano. Meneja akaeleza, watu wakapiga makofi, kisha Shomari akasimama pale nyuma.

"Nyie Wasukuma," akasema, "mkiona mtu kavaa tai mnataka kumkamua maziwa! Hilo kampuni limeandikishwa wapi? Kabla hamjauza ng'ombe zenu, nendeni kwa afisa biashara wilayani mkaulize. Kuuliza ni bure."

Sasa hapa ndipo ningeweza kukaa kimya. Ningeweza kumgeukia Meneja nikasema, haya, jibu swali. Lakini watu wote walikuwa wananitazama mimi, wameshaanza kutabasamu, wanasubiri, na ulimi ukaniwasha.

"Mzaramo!" nikasema. "Wewe ng'ombe wa kwanza ulimwona kwenye supu, leo unatufundisha mali? Umekulia kwenye ngoma, ukitoka ngoma hii unaingia ile, ndiyo maana hata sukari dukani kwako unaipima kwa mdundo! Kaa chini, siku ukifa tutakuzika na mzani wako."

Watu walicheka mpaka mama mmoja akakaa chini kwenye vumbi. Shomari naye akacheka, afanyeje, utani ni utani, ila alisimama kidogo kama mtu anayetaka kuongeza neno, kisha akatikisa kichwa akaenda zake dukani. Na hao waliocheka ndio waliopanga foleni kwa Meneja. Niliona nimeshinda.

Jioni mke wangu Minza akaja kwangu na swali kutoka kwa mama yake. Kwetu mkwe na mama mkwe ni watu wa kukaa mbali, hamli pamoja, hamtaniani, mkikutana njiani mmoja anapisha, na akiwa na neno nawe analipitisha kwa binti yake. Mama mkwe wangu ni mjane, mwanamke wa maneno machache sana, na mali yake yote ilikuwa maksai wawili wa kulimia, Sajenti na Koplo, ambao aliwafundisha jembe mwenyewe baada ya mumewe kufariki.

"Mama anauliza," Minza akasema, "Shomari anatania au anasema?"

Sikufikiria hata kidogo. Nikamjibu, "Mwambie anatania tu."

Kesho yake Sajenti na Koplo wakaenda mnadani, na mama mkwe akarudi na kofia.

Meneja akatutangazia siku ya ufunguzi, akasema tuje wote, mgeni rasmi atakuwepo, na mimi nitoe hotuba ya kumkaribisha. Jamani, nilivyoshughulika! Nilitafuta lori. Nilitafuta kundi la ngoma. Nilitafuta mbuzi wa kumzawadia mgeni rasmi, nikamfunga utepe shingoni. Nikaazima suti ya mwalimu mmoja aliyenizidi mwili, nikakunja mikono kwa ndani nikashikiza kwa pini. Siku yenyewe tukapanda lori, kofia nyeupe kila kichwa, mama mkwe amekaa mbele kwa dereva kwa heshima, akiwa na kitenge kipya, na Shomari naye amefunga duka amekuja ("nije nione Wasukuma wanavyogeuka Wahindi wenye viwanda," alisema, nami nikamjibu nisiyoyakumbuka). Tukaingia mjini tunapiga ngoma, watu wanatoka madukani kutazama.

Lori likasimama mbele ya mlango wa bluu. Hapakuwa na turubai, hapakuwa na kiti, hapakuwa na pikapu. Palikuwa na mzee mlinzi anakula muwa.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Mgeni rasmi ameshafika?"

"Mgeni wa nani?"

"Wa kiwanda."

Akatafuna, akatema makapi, akaniangalia suti. "Humu ni mashudu ya ng'ombe, mwanangu. Ya mfanyabiashara mmoja wa Mwanza. Kiwanda sijakisikia."

Nikamwomba afungue. Alifungua, na kweli, mashudu mpaka kwenye dari, harufu ikanipiga usoni. Mzee akasema huyo Meneja hamjui, pikapu nyeupe haijui, hajawahi kumwona mtu mwenye tai akija pale hata kuuliza njia. Na nyuma yangu wale wa ngoma wameshashuka, wameshachangamka, vumbi linapanda, watu wa mjini wamejaa wakidhani ni harusi, na mama mmoja akaniuliza kwa upole bibi harusi yuko wapi, maana bwana harusi amemwona. Mbuzi akaingia ghalani akaanza kula mashudu.

Nikapanda juu ya lori. Nikaomba ngoma inyamaze. Nikasema, "Ndugu zangu, hakuna kiwanda."

Wakacheka.

"Hakuna kiwanda," nikasema tena, "humu ni mashudu. Tumeibiwa."

Wakacheka zaidi! Vigelegele! Kijana wa ngoma akagonga mara moja, dum, kama afanyavyo nikitoa utani mzuri harusini, na mtu akapiga kelele, "Ongeza, afisa uhusiano!" Nikasema wallahi, mimi Mkatoliki, nikasema wallahi tumeibiwa, nao wakashika mbavu. Nilikuwa nimesimama juu ya lori nasema ukweli kwa mara ya kwanza tangu habari hii ianze, na hakuna aliyenisikia, kwa sababu kinywa kilekile ndicho walichozoea kukichekea. Machozi yakanitoka, na hata machozi waliyacheka.

Aliyewanyamazisha ni Shomari. Alipanda kwenye gurudumu, akanyanyua mkono, akasema bila kucheka, "Nyamazeni. Leo hatanii." Na kwa sababu mtani wangu ndiye aliyesema, waliamini mara moja. Kicheko kilikatika, watu wakaanza kukimbilia mlango wa bluu kutazama ndani, wengine wakaanza kulia.

Mama mkwe akashuka kutoka mbele. Alivua kofia, akaja mpaka karibu yangu, karibu kuliko alivyowahi kunikaribia tangu nimwoe binti yake, nikashuka lori nikainamisha kichwa.

"Mkwe," akasema, yeye mwenyewe, bila kumpitia Minza, "niliuliza kama Shomari anatania au anasema."

"Ndiyo, mayo."

"Sajenti na Koplo ndio walionilimia."

Angenitukana ningeshukuru.

Shomari akanishika mkono kama mgonjwa, tukaenda wilayani kwa afisa biashara. Yule bwana alinisikiliza vizuri, akatuuliza jina la kampuni, akatafuta, akasema hakuna kampuni ya jina hilo iliyoandikishwa wala iliyoomba leseni ya kununua pamba, na kwamba mtu yeyote anaweza kuja pale akauliza kabla ya kutoa mali yake. Nikamuuliza, sijui kwa nini, kuuliza kunalipiwa kiasi gani. Akaniangalia akasema, "Ni bure." Nikageuza uso dirishani, na pale ng'ambo nikaona kabisa meza niliyokunywea soda. Nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwenye jibu, nikanywa Fanta nikarudi nyumbani. Polisi nao waliandika maelezo yetu, na Meneja hakuonekana tena, si Mkula wala Mwamanyili wala popote tulipouliza.

Tulirudi Kasoli ngoma zimewekwa mapajani. Aliyeshiba alikuwa mbuzi.

Mvua zilipoanza, nilienda kulima shamba la mama mkwe kwa jembe la mkono, mimi na Minza, na shamba lile liko kandokando ya barabara, kila anayepita anaona mtu wa maneno ameinama kwenye tope wakati majirani wanaswaga maksai. Lakini kilichoniuma zaidi ni Shomari. Alikuwa anapita na baiskeli yake anasema, "Habari za kazi, Bwana Maduhu." Bwana! Ananisalimia kama karani! Siku moja nikashindwa, nikamfuata dukani, nikamwambia, "Mtani, mbona hunitanii?"

Alikuwa anapima sukari. Akasema, "Nikikutania utanisikia?"

Nikamwomba msamaha pale pale mbele ya wateja, nikamwambia siku ile mkutanoni yeye alikuwa anasema nami nikawafanya watu wote wasikie utani. Alifunga karatasi ya sukari, kisha akasema nimelowa tope mpaka ukoo wangu hautanijua, na nilivyofurahi kutukanwa sijawahi kufurahi hivyo.

Maksai wawili sikuweza. Baada ya misimu kadhaa ya pamba nilipata ng'ombe mmoja dume, nikampeleka kwa mama mkwe kwa mkono wa Minza, na yule mama, ambaye sijawahi kumsikia akitania maishani mwangu, akampa jina. Alimwita Meneja, na hata huyo alipozeeka, aliyemrithi jembeni akaitwa hivyohivyo. Kila mwaka wakati wa kulima kijiji kizima kinasikia, "Meneja, vuta! Meneja, nyooka! Meneja, umezoea kula bure!" na watoto wanaitikia.

Tangu hapo niliapa kuuliza kwanza kabla ya kucheka, na kiapo changu nimekishika. Juzijuzi alikuja mtu na kampuni ya ufugaji wa kuku, ana fulana za kugawa, ananiita mheshimiwa. Nikamwacha kwenye kiti nikapanda baiskeli mpaka wilayani kuuliza, hawakumjua. Nikarudi nikapitia kwa Shomari, ambaye sasa haoni vizuri, nikamweleza, akaanza kucheka kwamba Msukuma akikosa ng'ombe anaibiwa hata kwa kuku.

"Mtani," nikamwambia, "unatania au unasema?"

"Nasema," akasema.

Nikaenda nyumbani nikamwonyesha yule bwana njia ya kurudi barabarani, na ng'ambo kule shambani nikamsikia mama mkwe anamfokea Meneja avute.