Kuku Walivyonitangulia Kupata Umeme

Ipo siku moja siisahau, mwanangu, na nikiikumbuka nacheka peke yangu, ingawa siku yenyewe sikucheka. Nilikuwa nimejenga pembeni mwa mji wa Singida, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, maduka yamejaa redio za kila aina. Nilikuwa nimeposa, na kwa kiherehere changu nikawaambia wakwe kuwa kwangu umeme umeshaingia, na redio ya umeme ninayo.

Ulikuwa haujaingia. Nyumba nimeijenga nyuma kabisa ya kiwanja, mbele nimewaachia ng'ombe na kuku, kama tulivyozoea. Mpimaji wa shirika la umeme akavuta kamba yake, akasema nyumba iko mbali na nguzo, nisubiri nguzo nyingine. Kusubiri sikutaka. Karibu na nguzo lilikuwepo banda la kuku, la matofali na bati, maana kuku kwetu ni mali. Nikalipaka chokaa, nikatundika pazia, nikaandika kwenye fomu kuwa ni makazi. Mafundi wakaja, wakaunganisha. Nikajiona mjanja kuliko mji mzima.

Nikamwomba fundi mmoja anivutie waya kutoka bandani hadi nyumbani. Akakataa katakata: waya upite zizini, ng'ombe wafe, na mimi niwafuate? Wakati huo wakwe wako njiani.

Walifika mchana. Baba mkwe, mzee asiye na maneno mengi, akaomba kusikia taarifa ya habari kwenye hiyo redio ya umeme. Ningemwambia nini? Nikampeleka bandani, nilikokuwa nimeichomeka. Akainama, akapita chini ya pazia, akakaa kwenye kigoda katikati ya matetea, akasikiliza habari mpaka mwisho. Kisha akajipangusa manyoya begani.

"Kijana," akasema, "tumekuja kumwozesha binti kwako au kwa jogoo?"

Nikakiri yote. Nilijua nimeshamkosa mama yako. Mzee akatoka bandani, akanigeukia.

"Ungesema huna umeme, ningekupa binti leo leo. Mimi mwenyewe natumia koroboi. Sasa utamchukua siku taa itakapowaka chumbani kwako."

Nikasubiri nguzo misimu miwili ya alizeti, kuku wakilala kwenye mwanga, mimi na koroboi yangu.

Kwa hiyo, mwanangu, mwite mpimaji kabla hujachimba msingi, na fomu ijaze kweli tupu. Ukweni usijisifu kwa kitu ambacho hakijafika mlangoni kwako. Wakwe hawana haja na taa. Wanataka kumjua mtu wanayemkabidhi mtoto wao. Mungu akujalie nyumba yenye amani, na atakayeingia humo akukute kama ulivyojieleza.