Nilimpa Mchumba wa Ndugu Yangu Password ya Library

Admin, ficha jina langu vizuri. Kuna watu wa kwetu wanafuata hii page na sina nguvu ya kugombana tena.

Mimi ni msichana wa miaka 23, naishi Ruiru na mama na ndugu yangu mkubwa. Niko mwaka wa mwisho chuoni, nimebakisha project peke yake nigraduate. Ndugu yangu ana mchumba wake wa Ngoingwa, nitamwita Shiku. Naye anasoma college ndogo hapo Thika, library yao ni rafu mbili na vumbi. Jumamosi hii tunaenda kwao ruracio, tumpeleke ndugu yangu alipe mahari.

Sasa skizeni. Shiku alikuja kwetu akilia, lecturer amemrudishia kazi. Nikaisoma. Ngai! Anaandika kuhusu maji ya visima na kila kitu ametoa kwa blogu za watu wanaouza filta. Nikamwambia, "Hii si utafiti, hii ni matangazo." Chuo chetu kinalipia database za majarida, unaingia na namba yako ya mwanafunzi na password hata ukiwa kitandani, unapata makala ambazo wataalam wengine wamezikagua kabla zichapishwe. Nikamkalisha, nikamwonyesha maneno ya kutafutia, aangalie nani ameandika na ni lini. Tukapata hata utafiti wa visima vya hapa Theta. Alinikumbatia kwa furaha. Nikamwachia password amalizie. Ndio, sheria naijua, kwa hivyo wale wa "ulijitakia" wapite tu. Mtu anaolewa kwetu, ningemnyima aje?

Huyo mwanamke alichukua password yangu akaiweka kwa group ya WhatsApp ya darasa lao! Akaandika, "Tumieni, ni ya sister wa mtu wangu, hana shida." Hana shida! Darasa zima likaingia, likashusha makala kama watu wanaovuna shamba lisilo na mwenyewe. Wenye majarida wakaona, wakafungia chuo chetu chote. Wenzangu wamekwama katikati ya project, na jina linalotokea kwa hiyo system ni langu.

Nikaenda Ngoingwa kumuuliza. Nilimpata akisukwa nywele za ruracio. Mnajua alinijibu nini? "Kwani watu kusoma ni wizi? Wewe sema tu simu yako iliibiwa." Akaendelea kujiangalia kwa kioo.

Nikarudi nikamwambia mama. Akashika kichwa. "Mwari wakwa, binti yangu, nyamaza kwanza. Wazee wameshaambiwa. Ukimtaja huyo msichana, tutaingia kwao na uso gani?" Na uso wangu mimi je? Mtoto wake si mimi pia? Ndugu yangu naye, mtu ninayempikia kila siku, anasema nina wivu kwa sababu sijapata wangu. Nilitamani kumwagia hiyo chai alikuwa anakunywa, Mungu anisamehe.

Ijumaa naitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Mama wa library, ambaye ananijua tangu mwaka wa kwanza, ameniambia wazi: nikitaja aliyesambaza, huenda wakanipa onyo tu. Nikinyamaza, nasimamishwa masomo na graduation niisahau. Lakini nikimtaja, college yake itapigiwa simu siku hiyo hiyo, atafukuzwa, na Jumamosi wazee wetu watafika Ngoingwa wakute geti limefungwa. Mama hatanisamehe hadi azikwe.

Jana Shiku alinitumia meseji. Nikafikiri hatimaye anasema pole. Ameandika hivi: "Sasa wakikupa password mpya nitumie haraka, nimebakisha chapter moja."

Wenzangu, msiniambie niombe, nimeomba. Niambieni tu, Ijumaa nikiulizwa ni nani, nimtaje ama nimeze?